Wasiozikwa Hurudi Jumamosi

Majuzi nilialikwa harusini Homa Bay, katika hoteli moja iliyo karibu na ziwa. Viti vya wageni vilikuwa vimepangwa chini ya mti wa yago. Kama hujauona mti huo, matunda yake ni marefu kama mkono wa mtu mzima, ya kijivu, mazito ajabu, na hayaliwi. Kila moja linaning'inia kwa kikonyo kirefu utadhani mtu amelifunga kwa kamba kisha akasahau kurudi kulichukua. Wageni kutoka Nairobi walikuwa wakiyashika na kupigwa picha, wakicheka mpaka machozi. Mimi nilimwomba kijana wa hoteli anihamishie kiti.

"Mama unaogopa litakuangukia?" akaniuliza.

Nikamwambia ndiyo, maana harusi si mahali pa kumweleza mtu kwamba baba yako amezikwa akiwa yago. Lakini wewe uliyefikia umri wangu nitakueleza, kwa kuwa najua nawe una jambo lako la utotoni usilopenda kukaa chini yake.

Baba alikuwa fundi wa injini za mashua pale Sori. Hakuwa mvuvi, na alipenda sana kulisema hilo. Samaki alikula, ziwa lenyewe alilichukia, na hata kuoga alioga kwa maji ya mvua. Alinukia petroli na oili, na mimi nilidhani baba wote duniani hunukia hivyo. Asubuhi moja walikuja watu kumwita: mashua ya abiria imezimikiwa na injini huko majini, twende upesi. Akavaa ovaroli yake kuukuu, kwa kuwa ile mpya ya buluu ilikuwa imefuliwa na bado inakauka kwenye ua, akachukua spana zake, akaenda huku akinung'unika. Mashua ikapinduka kabla injini haijaguruma. Wengine waliogelea, wengine waliokotwa ufukweni mmoja mmoja. Baba hakuonekana. Walimtafuta mpaka upande wa Tanzania, na hakuonekana.

Wajaluo hatumwachi mtu wetu hivi hivi. Mtu akipotelea majini, watu wa boma wanakata tunda la yago, wanalivisha, wanalilia, wanalizika mahali ambapo angezikwa yeye, ili roho yake ijue nyumbani ni wapi na itulie. Baba Mkubwa, yaani kaka yake baba, alikuja kumwambia mama kwamba wakati umefika. Alikuja kwa heshima, kofia mkononi.

"Min Awino," alimwambia, kwa kuwa mimi ndiye Awino, "tumzike ndugu yangu sasa. Yuko nje huko, anapigwa na baridi."

"Mimi nizike tunda?" mama akasema. "Niliolewa na tunda?"

"Yawa! Usiseme hivyo."

"Mleteni mwenyewe, nitamzika. Msipomleta, basi yuko mahali."

Hakuna aliyeweza kumtoa hapo. Mama yangu alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, lakini akishakata neno, hata umlete askofu. Hakunyoa nywele, hakulia, hakukaa chini na wanawake. Kila jioni alipakua ugali wa baba kwenye sahani yake ya bati, akaufunika, na kila asubuhi nilikuta umekauka kandokando kama udongo wa kiangazi. Mimi ndiye niliyeula. Nilikula chakula cha baba asubuhi zote hizo, na mpaka leo sili kiporo.

Balaa lilikuwa hili: kwetu mwanamke aliyefiwa hapaswi kuingia nyumba za watu kabla mumewe hajazikwa na mambo yake hayajamalizwa, kwa kuwa ataingia na kifo chake. Mama alisema yeye hajafiwa, kwa hiyo alitembea kama kawaida. Wanawake wakimwona kwa mbali wanafunga milango. Sokoni omena zake, dagaa wa ziwani, zilibaki kwenye karai mpaka jua likazama, na nzi wakawa ndio wateja. Si kwamba walimchukia, waliogopa tu. Niliona vizuri kabisa kwamba mama anaisha, shingo yake imebaki mishipa, na bado anapakua ugali. Mwishoni akanifungia nguo zangu kwenye leso, akanipeleka Homa Bay kwa kaka yake.

Mjomba alikuwa mwalimu wa Kiingereza katika shule ya sekondari ya wavulana. Alikuwa Mkristo wa kukesha na Biblia, hakuwa na mke, na mikono ya shati lake daima ilikuwa na vumbi la chaki. Kitu alichokipenda kuliko chakula ni wafalme wa Uingereza. Mwaka huo wanafunzi wa kidato cha nne walikuwa wakisoma tamthilia kuhusu mmoja wao kwa ajili ya mtihani, na Mjomba alikuwa ameazima kwa padri mmoja Mzungu sanduku zima la kanda za video. Si za mfalme huyo pekee, ni ukoo mzima! Wafalme kwa wajukuu, tamthilia zilizochezwa kwenye televisheni ya kwao. Kila Jumamosi baada ya chakula cha mchana, televisheni ya shule ilitolewa kabatini, ikawekwa juu ya meza iliyowekwa juu ya meza nyingine, na wavulana wakaziba madirisha ya ukumbi kwa mablanketi ya bwenini. Mimi nilikaa sakafuni, mbele kabisa. Harufu ya mablanketi ya wavulana, soksi, na mashine ya video iliyopata joto: hiyo ndiyo harufu ya Uingereza kwangu mimi.

Kiingereza chao sikukielewa, na nina hakika wavulana wengi pia hawakukielewa. Lakini mambo yenyewe yalikuwa wazi. Boma limekosa mwenyewe. Baba wadogo wanakitaka kiti, mtoto anakitaka, mama yupo kando analia, na kuna mzee mmoja anayepeleka maneno huku na huku. Wavulana walikuwa wakinong'ona, "Huyu ni kama yule chifu wetu," wanaangua kicheko, na Mjomba anagonga meza kwa fimbo. Siku ya kwanza nilimuuliza kama wale watu ni wa kweli.

Alisimamisha kanda. Ukumbi mzima ukaningoja.

"Awino, hii si hadithi ya sungura na fisi," alisema kwa sauti yake ya darasani. "Hii ni historia. Watu hawa walikuwako. Walikula, wakagombana, wakafa. Kila unachokiona kilitokea."

Nikaamini. Kwa nini nisiamini? Alikuwa mwalimu.

Jumamosi hiyo, ndani ya kanda, kulikuwa na bwana mmoja mwenye masikio yaliyosimama kama vishikio vya sufuria. Alikuwa mtu mzuri. Alikuwa na mke mrefu mweupe aliyemshika uso kwa mikono miwili wakati wa kuagana, wote wawili wakilia, na mimi nikalia nao. Kisha askari wakamchukua, akatoka mlangoni, na baadaye akaja mtu akasema ameuawa. Basi, hivyo tu. Hatukuona maiti, hatukuona kaburi. Nilienda kulala nikimwaza yeye, na nikimwaza mkewe.

Jumamosi iliyofuata akaingia. Ni yeye! Sasa alikuwa askari mwenye matope miguuni, ana ndevu, anaitwa jina lingine, lakini masikio ni yale yale. Ukumbi ulilipuka.

"Amefufuka!"

"Bwana Masikio, karibu tena!"

"Nyamazeni!" Mjomba akafoka. "Mtihani utawauliza maneno yake, hautawauliza masikio!"

Kanda ilipokwisha nilimfuata Owuor, kiranja aliyepewa kazi ya kuchomeka na kuchomoa waya, nikamuuliza kama yule si mtu aliyeuawa. Owuor aliwakonyeza wenzake.

"Huyo hafi, mtoto. Wakimuua leo, Jumamosi ijayo yuko kwa mfalme mwingine, ana jina lingine. Hata mke wake amemsahau."

Wakacheka. Mimi sikucheka.

Kuanzia hapo sikuangalia tena kiti wala taji. Niliangalia wafu. Mfalme mmoja alikufa, wakamweka kwenye jeneza, wakalifunika kwa kitambaa cheusi, wakalibeba polepole huku kengele inalia. Huyo sikumwona tena. Lakini wale ambao habari zao zililetwa tu na mtu mlangoni, kwamba fulani ameuawa, fulani amepotea vitani, hao walirudi, kwa ndevu au bila ndevu, na hakuna aliyewatambua. Kulikuwa pia na siku ambayo wafu wenyewe, nyuso zimepakwa kama unga, walimjia mfalme mmoja akiwa amelala wakamlaani. Wavulana wakubwa waliruka kwenye viti vyao. Mimi hao sikuwaogopa hata kidogo, kwa kuwa walijua wao ni nani na wanamdai nani. Niliyemwogopa ni Bwana Masikio, anayetembea mzima, anakula, anacheka, na hajui kwamba ana kwao.

Unaona mahali akili yangu ilipokwenda. Baba hajazikwa. Habari zake zililetwa tu mlangoni. Kwa hiyo alikuwa anatembea mahali fulani kwa jina lingine, na wakilizika lile yago, amekwisha, harudi kabisa.

Nikaanza kumtafuta Homa Bay. Nikitumwa dukani napitia gatini, napitia kwenye gereji, naangalia miguu iliyotokeza chini ya magari. Nilimsogelea kila mwanaume aliyevaa ovaroli mpaka nisikie harufu yake. Nilikuwa nikilitaja jina la baba, Okinyi, kwa sauti ndogo, kwa sababu mtoto hamwiti baba yake kwa jina. Hakuna aliyegeuka. Mwanaume mmoja aliyekuwa akikaza nati alinitazama, akatabasamu, akaendelea na kazi yake. Mikono yake ilikuwa kama ya baba kabisa. Nilirudi nyumbani mbio, nikajifungia chooni nikalia, kwa sababu sikujua kama nimemkosa au nimempata.

Ndipo mama akaja, siku ya Jumamosi, kabla ya chakula cha mchana. Alikuwa amekonda zaidi. Alikaa kwenye kiti cha Mjomba bila kuvua kandambili, akasema kwamba Baba Mkubwa ameshakata yago. Limelazwa kivulini, limefunikwa kwa kitambaa chenye maji lisinyauke. Kaburi litachimbwa usiku huo.

"Nikikataa, watazika bila mimi," alisema, "na hapo bomani sitakuwa mtu tena. Nikikubali, basi mimi ndiye niliyemuua. Niambie, nifanye nini? Wewe umesoma."

Mjomba alifuta miwani yake kwa shati. Alisema neno la Biblia. Mama alimsubiri amalize, kisha akatazama nje ya dirisha.

"Mama, usikubali," nikasema. "Baba anaweza kurudi. Nitakuonyesha leo leo."

Sijui kwa nini alinifuata. Labda alikuwa amechoka kuamua. Wavulana walimpa kiti cha mbele, wakamwamkia vizuri, na yeye akakaa na kikapu mapajani, leso yake ya kijani mabegani, kama mtu aliyekaa kwenye foleni ya hospitali. Mablanketi yakapandishwa madirishani. Nilimweleza kwa kunong'ona mambo yote: wa kwenye jeneza hawarudi, wa habari za mlangoni hurudi, na yupo mmoja, Mama, ngoja utamwona.

Akaja. Safari hii alikuwa mtumishi, hana ndevu, amebeba kikombe kwenye sinia. Wavulana wakaanza kugongana viwiko. Na kwenye kile kiti kikubwa, malkia aliyeletewa kikombe alikuwa yule yule mwanamke mrefu mweupe, aliyemshika uso kwa mikono miwili ile Jumamosi ya kwanza.

"Huyo," nikasema. "Aliuawa. Hawakumzika, ndiyo maana amerudi. Na yule alikuwa mke wake."

Mama alisogea mbele. Bwana Masikio alipiga goti, akatoa sinia. Malkia akachukua kikombe bila kumtazama. Naye hakumtazama. Akasimama, akarudi kinyumenyume, akatoka.

"Hamjui mkewe?" mama akaniuliza.

"Hamjui. Ana jina lingine."

"Na yeye mwanamke?"

"Naye amesahau."

"Kwa hiyo amepita tu."

"Amepita tu, Mama. Lakini ni mzima!"

Nilimtazama nikingoja uso wake ufunguke. Nilikuwa na furaha, kwa kweli. Nilidhani nimemwokoa baba. Mama alibaki akiangalia mlango wa kwenye televisheni, ule aliotokea yule mtu, kwa muda mrefu baada ya wafalme kuendelea na ugomvi wao. Kisha akanishika mkono, akainuka mbele ya watu wote, kivuli chake kikaifunika televisheni.

Mjomba akasimamisha kanda. "Nyaminwa, dada yangu, kuna nini?"

"Kesho tunamzika shemeji yako," mama akasema. "Uje."

Nililia njia nzima kwenda Sori. Nilimvuta leso, nilimwambia haelewi, nilimwambia akimzika harudi tena hata Jumamosi moja.

"Ndiyo, nyathina, mwanangu," aliniambia. "Ndivyo hivyo."

Lile tunda alilivisha yeye mwenyewe. Wanawake walitaka kumsaidia, akawaambia hapana. Alichukua ile ovaroli mpya ya buluu, akalivisha, akafunga vifungo vyote mpaka cha shingoni, akalipangusa kwa kiganja mahali ambapo pangekuwa kifua. Baba Mkubwa alisimama kando na jembe. Walipoliteremsha kaburini, upande wa kulia wa nyumba yetu, mama alimwita baba kwa jina lake. Alimwita kwa sauti ambayo sijaisikia tena maishani na siombi kuisikia. Ndipo alipoanguka, na wale wanawake waliokuwa wakimfungia milango ndio waliomdaka. Walilia naye mpaka kesho yake. Jioni hiyo hakupakua ugali wa baba.

Nilipokuwa mtu mzima nilimuuliza kuhusu siku ile. Nilimuuliza kwa upole, nikijua sasa kwamba wale walikuwa waigizaji, kwamba mtu mmoja hupewa kazi katika michezo mingi, na kwamba yule mwenye masikio huenda jioni alirudi kwake akanywa chai na wanawe. Mama alicheka mpaka akakohoa.

"Kwani ulidhani mimi ni mjinga? Nilijua ni mchezo. Mjomba wako alikuwa ameniambia zamani." Kisha akachezea ukingo wa leso. "Lakini nilikuwa nikingoja baba yako arudi kwangu. Sikuwa nimewahi kufikiri kwamba mtu anaweza kurudi na asinijue. Nilipomwona yule akipita, nikasema, hapana. Bora alale."

Baada ya mazishi nilinyolewa kichwa pamoja na mama, kisha nikarudishwa Homa Bay kumaliza muhula. Jumamosi ya kwanza ilikuwa kanda ya mwisho ya sanduku la padri. Nilikaa pale pale sakafuni. Wafalme wakaja, wakagombana, farasi wakakimbia, watu wakauawa na habari zao zikaletwa mlangoni. Wavulana walikuwa wakimngoja kama mimi. Kila mlango ulipofunguliwa walivuta pumzi, na kila mara aliingia mtu mwingine.

"Leo Bwana Masikio amepotelea wapi?" Owuor akauliza.

Tulingoja mpaka mwisho, mpaka majina yakapanda yote na televisheni ikabaki ikichemka nyeupe. Hakuja. Wavulana walishusha mablanketi, mwanga ukatuumiza macho, na mmoja akasema labda wamemchoka, mwingine akasema labda amehamia nchi nyingine. Waliendelea kubishana huku wakibeba viti. Mimi nilibaki sakafuni na kichwa changu kilichonyolewa, na katika ukumbi ule wote ni mimi tu niliyejua aliko. Alikuwa Sori, upande wa kulia wa nyumba yetu, amevaa ovaroli ya buluu, vifungo vyote vimefungwa.